Rubani mwenye ndege yake: Kutoka ajali ya Voi 1931 hadi jeti ndogo za leo

ASUBUHI ya Mei 14, 1931, ndege ndogo ilipaa kutoka kiwanja cha Voi, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Taita Taveta, ikazunguka angani, kisha ikaporomoka na kushika moto.

Wote wawili waliokuwamo waliaga dunia. Mmoja alikuwa mwenye ndege, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, aliyekuwa na umri wa miaka 44. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Finch Hatton hakuwa rubani wa kuajiriwa. Alikuwa rubani mmiliki, yaani mtu anayenunua ndege kwa fedha zake na kuirusha mwenyewe. Ndege yake aina ya Gipsy Moth aliinunua mwaka 1930, na safari ya Voi ilihusu wazo lililokuwa geni wakati huo: kuwatafuta ndovu kutoka angani badala ya kufuata nyayo zao nyikani kwa siku nyingi.

Chanzo cha ajali hiyo hakijapata kuthibitishwa. Hata hivyo, swali lililoachwa na mkasa huo lingali hai hasa wakati huu ambapo mtu binafsi mwenye uwezo anaweza kununua jeti na kuketi peke yake kwenye usukani: je, kumiliki ndege na kuimudu ni jambo moja?

Anga yenye historia

Taita Taveta ilizoea ngurumo za ndege mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza kilipiga kambi Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, kikipeleleza majeshi ya Wajerumani.

Baada ya Finch Hatton, kazi ya kutafuta ndovu kwa ndege ilifanywa na Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Markham aliandika baadaye kwamba nusura awe ndani ya ndege ya Finch Hatton siku ile, lakini mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimsihi asiende.

Leo shughuli imegeuka. Ndege nyepesi zinazoruka juu ya Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, hutumiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na wahifadhi wengine kuwalinda ndovu wale wale waliokuwa wakiwindwa.

Jeti ya mtu mmoja

Gipsy Moth ilikuwa na injini moja ya nguvu za farasi zipatazo 100 na viti viwili visivyo na paa. Ilisafiri kwa kasi ya takriban kilomita 140 kwa saa. Kutoka Nairobi hadi Voi, umbali wa karibu kilomita 300 kwa njia ya anga, ilihitaji zaidi ya saa mbili.

Jeti ndogo ya leo humaliza umbali huo kwa muda usiozidi sana nusu saa. Miongoni mwa zile zilizoidhinishwa kuendeshwa na rubani mmoja ni Cessna Citation Mustang, iliyopata kibali Marekani mwaka 2006, Embraer Phenom 100 ya Brazil (2008), HondaJet (2015) na Cirrus Vision Jet (2016). Mustang hufikia kasi ya kilomita 630 kwa saa na kupanda hadi mita 12,500, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Mlima Kilimanjaro.

Ngazi ya mafunzo

Hakuna anayeanzia kwenye jeti. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa ambavyo Kenya huvifuata, anayetaka leseni ya rubani wa binafsi sharti awe ametimiza umri wa miaka 17, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, afaulu mitihani ya nadharia na aruke kwa saa zisizopungua 40.

Kati ya hizo, saa 10 huruka akiwa peke yake. Lazima pia afunge safari moja ya pekee isiyopungua kilomita 270, akitua katika viwanja viwili tofauti njiani. Nchini Kenya, shule nyingi za urubani zipo katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Anayesimamia leseni ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA).

Leseni hiyo humruhusu kuwabeba jamaa na marafiki, lakini si kulipwa kwa kazi ya urubani.

Hatua inayofuata ni kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo. Hapa mwanafunzi hujifunza kuongoza ndege akiwa ndani ya mawingu, bila kuona ardhi wala upeo wa macho, akiamini saa na vioo vilivyo mbele yake kuliko hisia za mwili wake. Viwango vya kimataifa hudai saa 40 za mazoezi ya aina hiyo. Anayelenga jeti ya injini mbili huhitaji pia kibali cha ndege za injini zaidi ya moja.

Mwisho kabisa huja kibali cha aina mahususi ya jeti. Aliyefuzu kwa Mustang hawezi kuingia kwenye Phenom na kuondoka nayo. Sehemu kubwa ya mafunzo haya hufanyika ndani ya mashine ya kuigiza urukaji, ambamo mwalimu huzima injini moja wakati ndege inapaa, huwasha taa za moto au huondoa hewa ndani ya chumba cha abiria.

Hata baada ya kufaulu, kampuni nyingi za bima humtaka mmiliki mgeni aruke kwa muda pamoja na rubani mzoefu kabla ya kuruhusiwa kuwa peke yake.

Kasi isiyosubiri

Ugumu wa jeti hauko mikononi tu, bali akilini. Katika ndege ndogo ya pangaboi, rubani aliyesahau jambo anaweza kuwa na dakika kadhaa za kulikumbuka. Katika jeti, dakika moja ni takriban kilomita 10. Kwa hiyo hufundishwa kupanga mteremko, kasi na njia ya kutua mapema.

Kimo nacho kina hatari yake. Hewa ikivuja ghafla katika mita 12,500, binadamu husalia na sekunde 15 hadi 20 tu za kufikiri sawasawa. Barakoa ya oksijeni ni lazima ivaliwe kwanza, maswali baadaye.

Somo chungu zaidi lilitoka Gaithersburg, jimbo la Maryland, Marekani, Desemba 8, 2014. Mmiliki wa Phenom 100 alikuwa akielekea kutua katika hali ya hewa yenye barafu. Wachunguzi walibaini kuwa hakuwasha mtambo wa kuondoa barafu kwenye mabawa na alipunguza kasi kupita kiasi kwa hali hiyo. Mabawa yalipoteza nguvu ya kuibeba ndege ikiwa karibu mno na ardhi. Watu watatu waliokuwa ndani walikufa, na pia mama na watoto wake wawili waliokuwa nyumbani kwao.

Joto la Voi, baridi ya juu

Msomaji wa Voi anaweza kudhani kwamba barafu haimhusu. Lakini anayetazama Kilimanjaro kutoka Taveta huiona theluji kileleni, katika mita 5,895. Mawingu yaliyo katika kimo hicho yana baridi iyo hiyo, hata kama chini yake mashamba ya mkonga yanaungua kwa jua.

Joto lenyewe ni tatizo jingine. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupungukiwa na nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kupaa. Mustang iliyojaa mzigo hutumia takriban mita 950 usawa wa bahari katika hali ya hewa ya kawaida. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, au Voi saa nane mchana, hesabu hiyo hubadilika. Viwanja vingi vya mbugani navyo ni vya changarawe, na kokoto zinaweza kuharibu injini za jeti. Vilima vya Taita, ambavyo kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200, mara nyingi hufunikwa na ukungu.

Teknolojia imejaribu kuziba pengo. Vision Jet ina mwavuli unaoweza kuishusha ndege nzima, na tangu mwaka 2020 imeidhinishwa kubeba mtambo ambao abiria anaubonyeza rubani akizimia, ndege ikatafuta uwanja na kutua yenyewe.

Mtambo huo haumnusuru abiria na uamuzi mbaya uliofanywa kabla ya kupaa. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na maisha yake yakasimuliwa vitabuni na katika filamu. Kamau aghalabu hutajwa kwa jina hilo moja tu. Ndege haikuwa yake, wala si yeye aliyekuwa akiiendesha, alikuwa abiria. Saa zote za mafunzo, mitihani na masharti ya bima yanayomkabili mmiliki wa leo yapo kwa ajili ya rubani, lakini pia kwa ajili ya yule anayeketi nyuma yake.