Maquis ya Wanafunzi wa Uvira: Neno na Mtihani Wake

Mzee wa Uvira akisema kwamba fulani aliingia maquis, msikilizaji huelewa milima ya Fizi na bunduki. Mjukuu wake akitumia maneno yaleyale, husema juu ya nyumba ya mwalimu au ya mwenzake, ambamo wanafunzi wa darasa la mwisho huhamia na magodoro na madaftari yao, wakajifunza usiku na mchana kabla ya Mtihani wa Serikali.

Neno ni la Kifaransa, na kwa asili ni kichaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wafaransa waliowapinga Wajerumani walijificha vichakani, na jina la maficho likawa jina la upinzani. Kwenye mwambao wa kaskazini wa Tanganyika neno hilo lilipata watu wake: mnamo Mei 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Uvira, na Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa na wapiganaji wa Fizi hadi Novemba. Laurent-Désiré Kabila alidumisha ngome yake huko kwa miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, maana ya wanafunzi haikutoka Fizi, kwani husikika Kinshasa na Lubumbashi vilevile. Chanzo chake ni mtihani wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1967. Tangu hapo, kazi ya miaka yote ya sekondari hupimwa kwa siku chache, kwa maswali ya nchi nzima, na majibu husahihishwa Kinshasa. Asiyefikisha nusu ya alama hana diploma, na pasipo diploma hakuna chuo kikuu. Mwalimu wa Kalundu au wa Kavimvira, hata awe amemjua kijana tangu utoto, hana neno la kumwombea. Ndipo wanafunzi walipojikusanya: wa hesabu awafunze wenziwe hesabu, mwenye maswali ya miaka iliyopita ayatoe, na anayesinzia aamshwe.

Jambo la lugha linastahili kutazamwa zaidi. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha pekee ya kufundishia. Wanaisimu waliokutana Lubumbashi mwaka 1974 walitetea lugha za taifa, na sheria ya elimu ya 1986 ikazipa nafasi katika shule ya msingi. Mtihani wa mwisho ulibaki katika Kifaransa. Lakini ndani ya maquis swali husomwa kwa Kifaransa, hubishaniwa kwa Kiswahili, kisha jibu hurudishwa katika Kifaransa. Anayeeleza mkondo wa umeme anaweza kumtajia mwenzake mto Ruzizi, pale unapobanwa na mabonde na pale unapotambaa uwandani. Hiyo ni kazi ya tafsiri ambayo hakuna programu ya shule iliyowahi kuihesabu.

Wakuu wa elimu wamepiga marufuku maquis mara nyingi, wakitaja mimba na utovu wa nidhamu. Hofu hiyo si ya bure. Ila katazo hutazama mahali vijana wanapolala, halitazami sababu iliyowatoa kwao: umeme unaokatika, nyumba ya chumba kimoja, kitabu kimoja kwa darasa zima. Tena halimlindi msichana kama linavyodai. Akizuiwa kwenda, hubaki nyumbani na maji ya kuchota, chungu cha kupika na wadogo wa kubeba, akaingia katika mtihani uleule kwa saa chache zaidi. Wazazi wanaoruhusu maquis ya mchana, binti arudi kabla ya giza, wamefikiri vema kuliko waandishi wa matangazo.

Mwaka 2020 ulionyesha haja hiyo waziwazi. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Katikati ya Aprili mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini. Darasa la mwisho liliitwa tena shuleni Agosti. Kwa mwanafunzi ambaye madaftari yake yalikwenda na maji, hapakuwa na pa kuyanakili ila kwa mwenzake.

Matokeo, ambayo zamani yalisubiriwa redioni, sasa hufika kwa simu. Waliofaulu humwagiwa poda nyeupe hadi nyusi. Aliyeanguka hungoja mwaka mwingine, kisha hurudi maquis na wadogo wake, na mara nyingi ndiye anayeyajua maswali ya zamani kuliko wote.