Ulevi Barabarani: Haki za Dereva, Gisenyi

Katika Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, unaopakana na Goma kando ya ziwa Kivu na wenye kiwanda mashuhuri cha bia cha Bralirwa, dereva anayeshukiwa ulevi husimamishwa na askari akapulizishwa kipima ulevi, na kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni gramu 0.8 za alkoholi katika lita ya damu. Akikipita, desturi ya polisi, hasa tangu kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro ya 2019, imekuwa faini ya faranga 150,000 pamoja na siku tano za mahabusu: adhabu ambayo, ikitolewa pasipo hakimu, haikosi utata. Maana katiba ya Rwanda ya 2003, iliyorekebishwa 2015 na tena 2023, humpa kila akamatwaye haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kutetewa na wakili, na kuhesabiwa hana hatia mpaka mahakama ikate shauri. Aliyedhulumiwa hushitaki kwa Umuvunyi, mpokeaji wa malalamiko ya raia. Ama kumpenyezea askari noti, hilo ni jinai nyingine, nzito kuliko chupa yenyewe.