Ree, turufu na kofia: hesabu ya kuendesha mtoano wa karata

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata, niandike juu ya karata. Usikimbie, kompyuta inarudi mbele kidogo.

Shida ni hii. Baraza kadhaa za hapa Mji wa Kale zinataka mashindano ya wahedi wa sitini, timu za watu wanne wanne, kwa mtoano: ukishindwa, kwenu. Nikaombwa niandike programu ya kupanga ratiba na kujumlisha alama. Ratiba ni kazi ya jioni moja. Kigumu kilikuwa ombi la mzee mmoja: "Fanya na sisi wa chini tuwe na sababu ya kuja." Kila mtu anajua ni baraza gani itachukua kombe. Na baraza inayotolewa raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo, mwaka wa tatu haiji. Timu 8 huwa 5, kisha 3, kisha hakuna mashindano tena.

Basi nikaenda kuwachungulia wachezaji wa briji. Hao wamehangaika na jambo hili kabla yetu: vilabu vyao huendesha mitoano ya timu za wanne, na timu dhaifu huanza ikiwa na alama mkononi. Ile alama ya kuanzia ndiyo handikapu.

Wengine watasema briji ni mchezo wa Wazungu, sisi na wao wapi na wapi? Hapo ndipo historia inapendeza. Tazama maneno yetu wenyewe. Karata ni Kireno. Turufu ni Kireno, kutoka trunfo. Kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, shupaza ni espadas. Hata meza tunayopigia karata ni Kireno. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakazingirwa na Waomani mwaka 1696, ngome ikaanguka 1698, wakarudi kidogo 1728 hadi 1729, kisha basi. Mizinga yao imebaki kama maonyesho ya watalii, lakini karata zao ziko barazani mpaka leo. Ree, karata kubwa kuliko zote, inatokana na rei, yaani mfalme! Namna gani mfalme alivyohamia kwenye karata ya moja, sijapata kuona maelezo yanayoniridhisha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama mtu wa programu lilinifurahisha zaidi. Kamusi za zamani zinaziita karata za picha wazungu: mfalme ni mzungu wa nne, yule kijana ni mzungu wa tatu, na malkia ni mzungu wa pili. Kwa nini nne, tatu, mbili? Sasa chukua mchezo wa Wareno uitwao sueca. Humo karata ya moja ina alama 11, saba ina 10, mfalme 4, kijana 3, malkia 2. Jumlisha: 30 kwa kila aina, na aina ni nne, jumla 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Na wahedi wa sitini kwa Kiarabu ni nini? Sitini na moja. Maneno ya karata ni ya Kireno, jina la mchezo ni la Kiarabu, wanaocheza ni Waswahili. Kwangu mimi hesabu inapokubaliana hivyo si bahati tu.

Briji ni ya ukoo huohuo: watu wanne, wawili wawili wanaotazamana, turufu, na kula karata. Ilitokana na mchezo wa Kiingereza uitwao whist, na umbo lake la leo lilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt akiwa safarini katika meli mwaka 1925, akipitia mfereji wa Panama. Huku kwetu ilikaa katika vilabu vya wakoloni. Mombasa Club ilianzishwa mwaka 1897, hatua chache tu kutoka Fort Jesus, na enzi hizo mtu wa Mji wa Kale hakukaribishwa kuketi kwenye meza zake. Michezo miwili ya ukoo mmoja, imetenganishwa na ukuta mmoja. Haya, tuendelee.

Kitu cha kwanza nilichoiba kwa wenzetu ni dawa ya bahati. Ukigawiwa ree tatu na mimi nikapata takataka, ushindi wako hauna maana. Mwaka 1857, mjini London, Henry Jones, aliyeandika kwa jina la Cavendish, alifanya jaribio. Alichukua wachezaji wanne hodari na wanne dhaifu, akawaweka katika vyumba viwili. Chumba cha kwanza hodari wawili walishika karata fulani dhidi ya dhaifu wawili. Chumba cha pili karata zilezile za hodari zikashikwa na dhaifu. Bahati ikawa imefutwa, kilichobaki ni akili. Hodari wakashinda. Ndivyo timu za briji zinavyocheza hadi sasa, na ndiyo maana timu ni ya watu wanne: wawili meza hii, wawili meza ile.

Lakini ona mtego wake. Ukishafuta bahati umemwondolea mnyonge silaha yake pekee! Karata za kugawiwa ovyo zilikuwa zikimpa nafasi. Karata zilizosawazishwa zinamfichua. Mashindano yakiwa ya haki zaidi kwa namna hii, matokeo yanajulikana mapema zaidi. Handikapu inazibia pengo ambalo haki yenyewe imelifungua.

Neno lenyewe lina hadithi. Handikapu ni "mkono katika kofia" kwa Kiingereza. Karne ya 17, watu wawili wakitaka kubadilishana vitu visivyolingana, mtu wa tatu alitaja nyongeza ambayo mwenye kitu duni aongeze. Wote waliweka fedha katika kofia, na kila mmoja alionyesha kwa mkono kama amekubali au amekataa. Samuel Pepys, karani wa jeshi la maji ambaye shajara yake ni maarufu, aliukuta mchezo huo London mwaka 1660. Baadaye wazo likahamia kwa farasi: mwaka 1791 huko Ascot palikuwa na mashindano ambayo farasi mwenye mbio zaidi alibebeshwa uzito zaidi. Kisha gofu. Klabu ya gofu ya hapa Mombasa, yenye mashimo 9 kando ya bahari, ni ya mwaka 1911, kwa hiyo handikapu imekaa kisiwani zaidi ya miaka mia moja bila kuvuka kuja barazani.

Ilipotajwa kofia yenye fedha, wazee walikunja uso, na wana haki. Kamari ni kamari. Tulikubaliana hakuna kiingilio cha fedha na hakuna zawadi ya fedha. Ninachokitaka katika ile hadithi ni yule mtu wa tatu, asiye na kitu katika biashara ile, anayetaja tofauti. Kazi yake ndiyo nimeipa programu.

Sasa hesabu (namba hizi ni za mfano). Tuseme baraza A huizidi baraza B kwa wastani wa alama 5 kila mgao, ukijumlisha meza zote mbili. Mechi ina migao 20. A inatarajiwa kushinda kwa 100. Lakini karata hazitii wastani. Tuseme mgao mmoja hupotoka kwa alama 20 hivi, juu au chini. Kupotoka hakukui sawasawa na idadi ya migao, kunakua kwa kipeuo chake cha pili: 20 mara kipeuo cha pili cha 20, yaani kama 89. Bila handikapu, A inashinda mara 87 katika 100. Ukiipa B alama zote 100, ni kurusha shilingi, na hodari atauliza kwa nini alijifunza kucheza. Ukiipa robo tatu, yaani 75, A inashinda mara 61. B ina mara 39, na mara 39 mtu anatoka nyumbani.

Urefu wa mechi nao ni uamuzi. Ukifika migao 80, A bila handikapu inashinda karibu mara 99. Ukitoa ileile robo tatu, inashinda mara 71. Mechi ndefu ni rafiki wa hodari. Yeyote anayepanga idadi ya migao anapanga mshindi kwa kiasi fulani, ajue asijue.

Mtoano nao una kasoro zake. Timu zisipokuwa 4, 8 au 16, wengine lazima wapite bure. Wimbledon ya kwanza, mwaka 1877, walikuwa wachezaji 22. Wakawa 11, wakawa 6, wakawa 3, na mmoja, William Marshall, akaingia fainali bila kucheza nusu fainali! Dawa ni kumaliza kupita bure katika raundi ya kwanza. Timu zetu ni 13, hivyo 3 zinavuka na 10 zinacheza, zinabaki 8. Charles Dodgson, mwanahisabati tunayemjua zaidi kama Lewis Carroll, aliandika mwaka 1883 kwamba katika mtoano wa watu 32, mchezaji wa pili kwa ubora ana nafasi 16 tu kati ya 31 ya kupata nafasi ya pili, kwa sababu huenda akakutana na bora wao mapema.

Hapo baraza hodari walikuja na hoja nzuri: mtu anaweza kucheza vibaya makusudi mwaka huu ili apewe alama nyingi mwakani. Kweli. Kwa hiyo programu hutazama mechi 6 za mwisho na kuitupa ile mbovu kuliko zote, na handikapu haizidi alama 80 hata mkokotoo useme nini. Pia inatangazwa siku ya droo, kabla karata hazijagawiwa, ikaandikwa ubaoni kwa chaki. Mzee wetu ameisoma yake: 60. Amesema anataka 65.