Kasha la Gia, Si Makazi ya Upitishaji

Mwezi uliopita niliazimwa kijitabu cha mafunzo ya ufundi wa magari, na nimekirudisha nikiwa na hasira ambayo haijapoa. Sura moja inahusu pikapu za zamani. Kichwa chake kinasomeka: "Ukarabati wa Makazi ya Upitishaji Yaliyopasuka." Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na Hilux yangu ya miaka ya themanini naijua kama ninavyoijua sebule yangu, lakini ilinibidi nitazame mchoro ndipo nikajua sura inazungumzia nini. Kumbe ni lile umbo la alumini lililofungwa nyuma ya injini, linaloshika gia, shafti na beringi na kuhifadhi oili yake. Kitu ambacho kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hukinyooshea kidole bila kufikiri, kijitabu kimekifanya kitendawili.

Makazi ni mahali pa kukaa watu. Tunasema makazi ya wakimbizi, makazi holela, wizara ya makazi. Gia haikai popote; imeshikwa na shafti inazunguka. Na huo upitishaji, unapitisha nini? Muswada hupitishwa bungeni, mzigo hupitishwa forodhani. Waliotunga istilahi hii hawakukitazama kitu. Walilitazama neno la Kiingereza, housing, wakaliona lina nyumba ndani yake, wakaitafsiri nyumba. Nusu saa chini ya gari lililoinuliwa ingewatosha, lakini jopo lilikaa mezani.

Neno tunalo, na umri wake ni mkubwa kuliko wa magari. Neno hilo ni kasha. Asili yake ni caixa ya Kireno. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakang'olewa ngomeni humo mwaka 1698. Maneno waliyotuachia si mengi, lakini tazama ni ya namna gani: bomba, parafujo, roda, kasha. Ni maneno ya watu wa vyombo na zana, waliofunga, waliovuta, waliopakia. Hata Gerezani yenyewe, walikojaa mafundi wetu wa vyuma, imebeba gereza, ambalo nalo ni la Kireno. Kasha kwa hiyo si mgeni karakanani.

Tupande juu zaidi. Caixa imetoka katika capsa ya Kilatini, chombo cha kuhifadhia vitu, na capsa imetokana na kitenzi capere, yaani kushika au kupokea. Capsa hiyohiyo ilipita katika Kifaransa cha kale ikawafikia Waingereza kama case, na hilo case ndilo jina ambalo vitabu vya ufundi vya Marekani hukipa kitu hikihiki ninachokitetea. Kasha na case ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alifika pwani yetu kwa jahazi, mwingine anatufikia katika vitabu vya magari. Mhispania huiita giaboksi caja de cambios, na caja ni capsa tena. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, dereva wa Msumbiji huiita caixa de velocidades. Sisi tulikuwa na neno la ukoo huo mdomoni kwa karne nne, tukaliruka, tukaenda kuchukua makazi.

Wapo wanaopendekeza ganda. Nawaheshimu, kwa sababu angalau wametazama kitu. Lakini ganda ni la kumenywa na kutupwa: ganda la ndizi, ganda la yai. Yai likipata ufa huenda kifaranga anatoka, na hiyo ni heri. Kasha huwekwa kitu cha thamani likafungwa, na likipata ufa mwenye mali hana amani. Tena ganda halibebi uzito. Kasha la gia ndilo linaloshika beringi mahali pake ili shafti zilingane sambamba. Likipinda kidogo tu, gia zinakwaruzana na kulia.

Mafundi wengi husema bodi ya giaboksi. Hao siwagombezi, maana wanafanya kazi. Ila bodi lina mwenyewe, nalo ni umbo la gari zima. Mpwa wangu alinipigia simu kutoka safarini akasema, "Mjomba, bodi imepasuka." Nikamwelekeza kwa fundi wa kunyoosha mabati. Akapoteza asubuhi nzima, oili ikidondoka njia yote. Angesema kasha la gia, ningemwambia asimame hapohapo.

Katika kikao kimoja nilichoalikwa, nilipewa dakika tano za kueleza haya. Mwenzangu mmoja, ambaye simtaji, akanikatiza kwamba kasha limeshachukuliwa na bandari kwa maana ya kontena. Hoja hiyo haina nguvu. Mguu ni wa mtu, na mguu ni wa meza, wala hakuna seremala aliyewahi kukosea. Kinachotenganisha ni kile kinachofuata: kasha la mizigo, kasha la gia. Akadai pia kuwa giaboksi inatosha peke yake. Haitoshi. Giaboksi ni mtambo mzima pamoja na vilivyomo, na mtu anaweza kununua kasha tupu akahamishia humo gia zake za zamani. Bila majina mawili, muuzaji wa vipuri na mnunuzi watagombana kaunta. Pendekezo langu halikuandikwa hata kwenye muhtasari.

Kijitabu hicho kimekosea pia katika kitenzi. Kimeandika "kulehemu" kwa kila aina ya kuunga chuma. Lehemu ni neno zuri, lina shina la Kiarabu lilelile la laḥm, yaani nyama, kana kwamba vipande viwili vinaota nyama moja. Lakini katika Kiswahili limetua kwenye kuunga kwa risasi na bati, kazi ya fundi redio na fundi wa vyombo. Kasha la gia huchomelewa.

Kazi yenyewe msomaji wa gereji anaijua, kwa hiyo napita haraka. Giaboksi hushushwa, humwagwa oili, hufunguliwa, na kasha huoshwa mpaka mafuta yaliyopenya kwenye vitundu vya alumini yatoke. Kila ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo kwa kekee ili ufa usiendelee, kisha ufa huchimbwa mfereji. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini utando wa oksidi ulio juu yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana hukwanguliwa kwanza, kasha likapashwa moto, kisha likachomelewa kwa gesi ya argoni na umeme wa mkondo geu. Kasha la chuma cha kusubu hutaka vijiti vya nikeli na kupoa polepole ndani ya majivu au mchanga. Gundi ya chuma huziba mvujo mahali pasipobeba nguvu, basi. Ufa uliopita kwenye tundu la beringi ni wa kununua kasha jingine. Na kabla ya kufunga, tazama maunti zilizochoka, bolti zilizolegea na propela inayotikisika, kwa sababu huenda hizo ndizo zilizolipasua.

Maneno yote niliyotumia hapo, mafundi wanayaelewa. Nawaomba wahariri wa kijitabu kile, kikichapishwa tena, wakifute kichwa cha sura ile na kuandika: "Kuchomelea Ufa wa Kasha la Gia."