Kisafina Mtoni: Nuala Ní Dhomhnaill na Suala la Lugha ya Ushairi

Utangulizi

Suala la lugha anayopaswa kuitumia mwandishi aliyezaliwa katika nchi iliyowahi kutawaliwa na wageni limewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiafrika kwa muda mrefu, hasa tangu Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) alipochapisha Decolonising the Mind mwaka wa 1986. Mara nyingi mjadala huo huendeshwa kana kwamba tatizo lenyewe ni la Afrika peke yake. Hata hivyo, katika ukingo wa magharibi wa Ulaya ipo nchi ambayo ilitawaliwa na Uingereza kwa karne kadhaa, ikapoteza sehemu kubwa ya wasemaji wa lugha yake, na ambayo waandishi wake mashuhuri zaidi ulimwenguni waliandika kwa Kiingereza. Nchi hiyo ni Ayalandi.

Makala haya yanachunguza maisha na kazi ya Nuala Ní Dhomhnaill, mshairi aliyezaliwa mwaka wa 1952 na ambaye diwani zake zote asilia zimetungwa kwa Kiayalandi. Inadaiwa hapa kwamba kwa mshairi huyu, kuchagua lugha hakukuwa kiapo cha kisiasa kilichotamkwa mara moja kikaisha. Kulikuwa utaratibu wa kazi uliohitaji kulindwa kila siku, na utaratibu huo ulikuwa na gharama ambayo mashairi yake yenyewe yanaikiri.

Usuli wa Kihistoria

Kiayalandi ni lugha ya jamii ya Kikelti, na fasihi yake andishi ni miongoni mwa zile kongwe zaidi katika Ulaya ya magharibi baada ya fasihi ya Kilatini. Kwa karne nyingi washairi wake walifunzwa kwa miaka mingi na kulishwa na watawala wa kienyeji. Ushindi wa Waingereza katika karne ya 16 na ya 17 uliwaangusha watawala hao, na washairi wakaanguka pamoja nao. Lugha ikabaki mikononi mwa wakulima na wavuvi.

Mwaka wa 1831 serikali ilianzisha mfumo wa shule za msingi zilizofundisha kwa Kiingereza. Kisha ikaja Njaa Kuu ya mwaka wa 1845 hadi 1852, ambapo watu wapatao milioni moja walifariki na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Maafa hayo yaliziangukia zaidi wilaya maskini za magharibi, ambako ndiko Kiayalandi kilikosemwa kwa wingi. Tangu hapo wazazi wengi waliamua wenyewe kutowarithisha watoto wao lugha hiyo, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya ajira na ya safari ya Marekani.

Jitihada za kuifufua lugha zilishika kasi pale chama cha Conradh na Gaeilge kilipoundwa mwaka wa 1893. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1922, Kiayalandi kilifanywa somo la lazima shuleni, na katiba ya mwaka wa 1937 ikakitangaza kuwa lugha rasmi ya kwanza. Lakini hadhi ya kikatiba haikuleta wasemaji. Katika sensa ya mwaka wa 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema kwamba wanakijua Kiayalandi, ilhali waliokitumia kila siku nje ya masomo hawakuzidi 72,000. Hii ndiyo hadhira finyu anayoitungia Ní Dhomhnaill.

Malezi na Elimu

Nuala Ní Dhomhnaill hakuzaliwa ndani ya lugha anayoitungia. Alizaliwa Lancashire, Uingereza, na wazazi wa Kiayalandi waliokuwa madaktari. Upande wa baba yake ulikitumia Kiayalandi kila siku, lakini mama yake, ijapokuwa naye alikijua, aliona kwamba maisha ya binti yangekuwa mepesi zaidi endapo angelelewa kwa Kiingereza. Kwa hiyo uamuzi ule wa wazazi wa karne ya 19 ulirudiwa ndani ya familia yake mwenyewe.

Kilichobadilisha mkondo huo ni safari ya utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alipelekwa kuishi na shangazi yake karibu na Ventry, katika rasi ya Corca Dhuibhne, jimbo la Kerry, mojawapo ya maeneo machache ambako Kiayalandi kingali lugha ya jamii. Huko aliyakuta masimulizi ya wazee, mahali ambapo kila mwamba na kila kijito kina jina na kila jina lina kisa. Baadaye alikulia Nenagh, katika jimbo la Tipperary, mji wa wasemaji wa Kiingereza. Tangu utotoni, basi, alizizoea lugha zote mbili, na kila moja ilikuwa na mahali pake na watu wake.

Mwaka wa 1969 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cork kusoma Kiingereza na Kiayalandi. Mwaka uliofuata wanafunzi wa chuo hicho, wakiongozwa na Michael Davitt, walianzisha jarida la ushairi lililoitwa Innti. Mshairi Seán Ó Ríordáin (1916–1977) alikuwepo chuoni, naye mhakiki Seán Ó Tuama alikuwa akifundisha huko. Kundi la Innti liliutoa ushairi wa Kiayalandi katika hali ya kuombolezea mashambani likauingiza mjini, penye muziki wa vijana, mapenzi na lugha ya mitaani. Ní Dhomhnaill alikuwa mmojawapo wa washairi hao, akiwa mwanamke katika kundi lililotawaliwa na wanaume.

Mwaka wa 1973 aliolewa na Doğan Leflef, mwanajiolojia wa Kituruki, na kwa takriban miaka saba waliishi Uholanzi na Uturuki. Alirejea Corca Dhuibhne mwaka wa 1980, na mwaka uliofuata akachapisha diwani yake ya kwanza, An Dealg Droighin. Aliurudia utungaji wa Kiayalandi akiwa ameshajua kuishi mahali ambapo lugha hiyo haijulikani kabisa.

Simulizi za Kale, Maisha ya Leo

Diwani ya kwanza ilifuatwa na Féar Suaithinseach (1984), Feis (1991) na Cead Aighnis (1998). Kinachoziunganisha ni jinsi mshairi anavyoitumia fasihi simulizi. Tangu mwaka wa 1935 Ayalandi ilikuwa na tume maalumu ya kukusanya simulizi za wananchi, na hazina hiyo kubwa imehifadhiwa Dublin. Wengi waliitazama kama makumbusho. Ní Dhomhnaill aliichukulia kama sarufi ya mambo ya nafsi ambayo lugha ya kisasa haina maneno ya kuyataja.

Shairi la "An Crann" ni mfano mzuri. Ndani yake mwanamke wa jamii ya viumbe wanaoaminika kukaa katika ngome za kale za udongo anafika nyumbani kwa msimulizi akiwa na msumeno wa umeme na kuukata mti wake. Mume anaporudi anauliza kwa nini mgeni huyo hakuzuiwa, na je, angejisikiaje kama wao wangemfanyia vivyo hivyo? Mgeni anarudi kusikia jibu, na baadaye msimulizi anaanguka katika unyonge wa siku kadhaa. Kiumbe wa ngano na chombo cha dukani wamekutana katika ua mmoja bila mshairi kuomba radhi kwa lolote. Wasomaji wengi wameliona shairi hili kuwa linahusu sonona na maisha ya ndoa. Mtu wa kale wa Corca Dhuibhne angesema kwa ufupi kwamba msimulizi ameguswa na viumbe wale. Shairi linaziruhusu tafsiri zote mbili.

Jambo la pili ni nafasi ya mwanamke. Katika mapokeo ya Kiayalandi nchi ilisawiriwa kama mwanamke, na mtawala alidhaniwa kuiposa. Neno feis lenyewe humaanisha sherehe na pia kulala pamoja, maana iliyohusishwa na ndoa ya kale kati ya mfalme na mungu-mke wa nchi. Washairi wanaume wa karne ya 18 walimgeuza mungu-mke huyo kuwa bibi mwenye huzuni anayengoja kukombolewa. Eavan Boland (1944–2020), aliyeandika kwa Kiingereza, alilalamika kwamba ishara hiyo ilimnyima mwanamke halisi nafasi ya kuwa mtunzi. Ní Dhomhnaill alichukua njia nyingine: hakuivunja ishara, aliipa kinywa. Katika mashairi yake mungu-mke husema mwenyewe, hukasirika, hutamani, huzeeka na hucheka.

Tafsiri: Chombo na Hatari

Umaarufu wa Ní Dhomhnaill nje ya hadhira ya Kiayalandi ulikuja kwa njia ya tafsiri. Mfasiri wake mkuu wa awali alikuwa Michael Hartnett (1941–1999), na kisa cha Hartnett chenyewe kina funzo. Mwaka wa 1975 mshairi huyo alikiaga Kiingereza hadharani na kuanza kutunga kwa Kiayalandi. Miaka kumi baadaye alirudi kuchapisha kwa Kiingereza, na mwaka wa 1986 tafsiri zake za mashairi ya Ní Dhomhnaill zikatoka kitabuni. Mtu aliyeapa aliishia kuwa daraja la yule ambaye hakuapa.

Mwaka wa 1990 ilichapishwa Pharaoh's Daughter, yaani Binti Farao, ambamo washairi 13 wa Ayalandi, akiwemo Seamus Heaney (1939–2013), walimfasiri. Jina la kitabu linatokana na shairi "Ceist na Teangan", au Suala la Lugha. Humo mshairi anaiweka lugha yake katika kisafina kilichopakwa lami, kama mama yake Musa, na kukiachilia kati ya matete bila kujua mkondo utakipeleka wapi. Huenda kikafika mapajani mwa binti Farao. Taswira hii haina faraja nyepesi. Aliyemwokoa Musa alikuwa binti wa mfalme aliyeamuru watoto wa Kiebrania wauawe, na Musa alikulia katika jumba la mtesi. Mfasiri wa Kiingereza ni mwokozi wa namna hiyo hiyo.

Paul Muldoon alifuata na The Astrakhan Cloak (1992), jina linalochezea neno aistriúchán, ambalo kwa Kiayalandi ni tafsiri. Muldoon hujipa uhuru mwingi, na shairi likitoka mikononi mwake huwa na sauti yake pia. Hapa ndipo wahakiki walipogawanyika. Mshairi anayetumia jina la kubuni la Biddy Jenkinson alikataa mashairi yake yafasiriwe kwa Kiingereza nchini Ayalandi, kwa hofu kwamba msomaji akipewa kurasa mbili zinazotazamana atausoma ule wa Kiingereza na kuuacha ule wa asili uwe pambo.

Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ni vyema kutazama kile ambacho Ní Dhomhnaill hakukifanya. Ngũgĩ alipoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ mwaka wa 1980 aliifasiri mwenyewe ikatoka kwa Kiingereza mwaka wa 1982. Ní Dhomhnaill aliwaachia wengine kazi hiyo. Mtunzi anayejifasiri yumo hatarini: anapoandika mstari wa kwanza tayari huanza kuusikia utakavyokuwa katika lugha ya pili, na huenda akauepuka usemi usiofasirika. Kwa kuikabidhi kazi hiyo kwa wenzake, Ní Dhomhnaill aliilinda meza yake ya kutungia. Aliulinda utunzi, lakini hakuweza kuulinda usomaji.

Nguva Waliokauka

Kwamba alilijua hilo kunadhihirika katika mashairi ya nguva, ambayo yamo katika Cead Aighnis na ambayo Muldoon aliyafasiri katika The Fifty Minute Mermaid (2007). Nguva hawa wametoka baharini wakahamia nchi kavu. Wanakana kwamba waliwahi kuishi majini, hawapendi kuyataja maji, na watoto wao hurithi maradhi yasiyojulikana chanzo chake. Muda wa dakika hamsini uliotajwa kwenye jina la kitabu hukumbusha kikao cha mtu na mtaalamu wa tiba ya nafsi. Ni vigumu kuyasoma mashairi haya bila kuwaona Waayalandi baada ya Njaa Kuu, watu waliobadili lugha kisha wakayafukia maumivu ya kuibadili. Hapa mshairi hawalaumu wazazi waliochagua Kiingereza, akiwemo mama yake. Anauliza tu ni nini kilichotokea ndani yao baada ya uchaguzi huo.

Hitimisho

Ní Dhomhnaill alishika uprofesa wa ushairi wa Ayalandi kuanzia mwaka wa 2001 hadi 2004, na mwaka wa 2018 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Zbigniew Herbert nchini Poland. Heshima hizo zilimfikia kwa sehemu kubwa kupitia lugha nyingine, na huo ndio ukinzani ulio kiini cha maisha yake ya kazi. Katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1995 katika gazeti la New York Times, alikilinganisha Kiayalandi na maiti inayoketi na kujibu. Jibu lenyewe ni diwani nne ambazo mtu hawezi kuzifikia kikamilifu pasipo kujifunza lugha yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, funzo la kisa hiki halimo katika kuamua kama tafsiri ni njema au mbaya. Kisafina kikishaachiliwa hakirudishwi. Kilicho mikononi mwa mtunzi ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyemo amezaliwa kwa mama yake, wala hakutungwa mimba kwa ajili ya jumba la Farao.