Bao lilivyoingia kwenye simu bila nyumba yake

Mwaka 2025 Nokia 3310 ilitimiza miaka 25. Wakazi wa Arusha waliowahi kuimiliki huikumbuka kwa mchezo wa nyoka, lakini ndani yake mlikuwa pia na Bantumi: mashimo sita kila upande, ghala pembeni, na kete zinazosambaa zenyewe ukibonyeza kitufe. Wengi walidhani wanacheza bao.

Halikuwa bao. Bantumi ilifuata Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940. Bao la Kiswahili lina safu nne, mashimo 32 na kete 64, wala halina ghala la kuwekea kete zilizoliwa. Kete ulizokula hazitoki ubaoni. Unazisambaza upande wako. Mbao za safu mbili hupangwa pia katika maduka ya vinyago Arusha, na mtalii anaweza kuondoka nazo akiamini kabeba bao la Waswahili.



Tofauti hizo huonekana zaidi kwenye kompyuta. Kalah haikuisumbua. Mwaka 2000, watafiti Irving, Donkers na Uiterwijk walionyesha kwamba kwa kete nne kila shimo, anayeanza akicheza bila kosa hushinda daima. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht walipoligeukia bao lenyewe, mambo yakawa mengine. Kwanza kuna nyumba, shimo linaloanza na kete sita. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, ukila na kete ya mwisho ikaangukia humo, ni hiari yako: nyumba ilale, zamu yako iishie hapo, au uisafirishe, uzisambaze kete zake. Halafu kuna takasia, kanuni inayoweza kumzuia mpinzani asianzie shimo fulani, nayo huwachanganya hata wazoefu.

Kubwa zaidi, wakishirikiana na Alex de Voogt, mtafiti aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar, walithibitisha kwamba mtu anaweza kusambaza kete zikazunguka bila kukoma. Kijiweni hilo huishia kwenye ubishi na kicheko. Kompyuta haichoki wala haioni aibu. Itazunguka hadi umeme ukatike, isipokuwa mwandishi wa programu aiwekee kikomo.

Leo simu zina michezo ya kila namna inayoitwa bao, mingi ikiwa Kalah ileile yenye rangi mpya. Kuliingiza bao lenyewe kwenye simu ni kazi ya hapa nyumbani. Taasisi ya Nelson Mandela, yenye wataalamu wa kompyuta, iko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Wachezaji wa bao wako umbali wa daladala moja.