Vita vya Uhuru wa Algeria (1954–1962): Sababu Zake na Mwenendo Wake

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Kila ifikapo tarehe 5 Julai ndugu zetu wa Algeria huadhimisha uhuru wao. Wengi wetu tunajua kwamba walipigana na Ufaransa na kwamba waliokufa ni wengi. Lakini tukiulizwa sababu, jibu letu huwa neno moja tu: ukoloni. Jibu hilo ni sahihi ila halitoshi, kwani makoloni mengi ya Ufaransa yalipata uhuru bila ya vita vya miaka minane. Tutaeleza hapa kwa ufupi sababu za vita hivyo, kisha mwenendo wake, kisha lililo juu yetu tunapoisoma tarehe hii.

Kuingia kwa Wafaransa

Jeshi la Ufaransa liliteremka Sidi Fredj mwezi wa Juni 1830, na tarehe 5 Julai mji wa Algiers ukasalimu amri. Katika mkataba uliotiwa saini na mtawala wake, Dey Hussein, Wafaransa waliahidi kwamba dini ya wenyeji, mali zao na wake zao havitaguswa. Mwaka 1832 Msikiti wa Ketchaoua ukafanywa kanisa.

Mwaka huohuo watu wa magharibi ya nchi walimpa bay'ah Amir Abdul-Qadir, naye akapigana hadi Disemba 1847. Alisalimu amri kwa ahadi ya kupelekwa nchi ya Kiislamu, lakini akawekwa kizuizini Ufaransa mpaka 1852.

Sababu za vita

Ya kwanza ni ardhi. Baada ya uasi ulioongozwa na Shaykh al-Mokrani mwaka 1871, makabila yalitozwa faini nzito na kunyang'anywa mamia ya maelfu ya hekta. Sheria ya mwaka 1873 ikavunja umiliki wa pamoja wa koo, ikawa rahisi ardhi kuingia mikononi mwa walowezi. Kufikia 1954 Wazungu walikuwa karibu milioni moja, na Waislamu zaidi ya milioni nane, lakini ardhi iliyo bora ya mabonde ilikuwa ya walowezi.

Ya pili, nayo ndiyo kiini cha jambo, ni uraia. Mwaka 1848 Algeria ilitangazwa kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Je, watu wake nao ni raia? Sheria ya mwaka 1865 ilijibu hivi: Mwislamu ni Mfaransa, lakini si raia. Akitaka uraia aombe, na akiupata atahukumiwa kwa sheria za Kifaransa badala ya Shari'ah katika ndoa, talaka na mirathi, yaani mambo ambayo kwetu huenda kwa kadhi. Waliokubali sharti hilo walikuwa wachache mno. Waliobaki waliwekewa, kuanzia 1881, kanuni za adhabu za wenyeji peke yao, hata kusafiri bila ya kibali kukawa kosa.

Watu hao basi waliambiwa wachague baina ya haki zao na Shari'ah yao. Mwaka 1936 serikali ya Paris ilileta mswada wa kuwapa uraia Waislamu elfu ishirini na kitu bila ya kuacha Shari'ah. Walowezi waliupinga kwa nguvu, na mswada haukufika hata kupigiwa kura. Shaykh Abdul-Hamid Ibn Badis (Rahimahu Allaah), aliyeongoza Jumuiya ya Maulamaa tangu ilipoasisiwa 1931 na kusimamia madrasa za kufundisha Kiarabu na dini, alitoa fatwa mwaka 1938 kwamba kuchukua uraia wa namna hiyo kwa kuikataa Shari'ah ni kuritadi.

Ya tatu ni kufungwa milango ya amani. Tarehe 8 Mei 1945, siku ya ushindi dhidi ya Ujerumani, Waislamu wa Sétif waliandamana na bendera yao wakapigwa risasi. Ghasia zilizofuata ziliua Wazungu wapatao mia moja. Jeshi na walowezi wakalipiza kwa kuua maelfu ya Waislamu. Mwaka 1947 likaundwa Baraza la wajumbe 120, nusu kwa ajili ya Wazungu na Waislamu wachache waliopewa uraia, na nusu kwa mamilioni yaliyobaki. Uchaguzi wa 1948 nao ukachakachuliwa. Ferhat Abbas, ambaye ujanani alitamani kuwa Mfaransa kamili, alijiunga na wapiganaji mwaka 1956, akaja kuwa rais wa serikali yao ya muda iliyotangazwa Cairo mwaka 1958.

Mwenendo wa vita

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954, Chama cha Ukombozi wa Taifa, FLN, kilishambulia sehemu nyingi kwa pamoja. Tangazo lake lilidai dola huru ndani ya misingi ya Uislamu, na likataka mazungumzo. Ufaransa ilijibu kwa majeshi.

Mwaka 1957 askari wa miavuli wa Jenerali Massu walikabidhiwa mji wa Algiers. Walivunja mtandao wa FLN kwa kamatakamata na mateso. Larbi Ben M'hidi, mmoja wa waasisi, aliuawa kizuizini ikatangazwa kwamba amejinyonga. Ni Novemba 2024 tu ndipo Rais wa Ufaransa alipokiri kwamba aliuawa na wanajeshi wa Kifaransa. Vijijini, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa kwa nguvu, wengi wao wakawekwa makambini.

Mei 1958 walowezi na majenerali waliiasi serikali, na de Gaulle akarudi madarakani. Mwaka uliofuata alikubali kwamba Waalgeria wajiamulie wenyewe. Mkataba wa Évian ulitiwa saini tarehe 18 Machi 1962, na uhuru ukatangazwa tarehe 5 Julai, miaka 132 kamili tangu mji wa Algiers kusalimu amri. Msikiti wa Ketchaoua ukarudi kuwa msikiti.

Lililo juu yetu

Algeria inahesabu mashahidi milioni moja na nusu. Wanahistoria wengi wa Kifaransa wanataja laki tatu hadi nne. Khitilafu hiyo haipunguzi dhulma. Lakini pia haifai tufiche upande wa pili. FLN iliweka mabomu katika mikahawa, na mwaka 1957 wapiganaji wake waliua wanakijiji wa Kiislamu wapatao 300 karibu na Melouza kwa kuwa waliegemea chama kingine. Baada ya kusimamishwa vita, maelfu ya Waislamu waliolitumikia jeshi la Ufaransa waliuawa.

Uhaki wa dai hauhalalishi damu ya asiyepigana. Allaah Ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, na Amekataza kuchupa mipaka hata kwa anayetupiga vita. Anayewaombea rehma mashahidi wa Algeria, nasi tunawaombea, asione uzito kulisema hilo.

Wa Allaahu A'lam.